Mtoto wa Mkata Majani

Neno la kwanza nililojua kulisoma maishani lilikuwa la kigeni. Lilikuwa limesubiwa kwenye chuma, kwa herufi nene za kugusika, nami nililifuata kwa kidole kabla sijapelekwa darasa la kwanza: RANSOMES. Chini yake palikuwa na jingine dogo, IPSWICH. Sikujua kama ni jina la mtu, la mji au la dawa. Nilijua tu kwamba ndivyo ilivyoandikwa mashine ya baba.

Baba alikuwa mkata majani katika shamba la mkonge karibu na Muheza, mkoani Tanga. Shamba lile lilikuwa na mamia ya wafanyakazi. Wapo waliokata mkonge, wapo waliofanya kazi korona, kwenye mashine za kuchuna nyuzi, wapo walioanika singa, nyuzi zenyewe. Baba peke yake ndiye aliyesukuma mashine kwenye uwanja wa ukoka mbele ya nyumba ya meneja, Mgiriki mmoja, na baada ya mashamba mengi ya mkonge kutaifishwa mwaka 1967, mbele ya mameneja wenzetu waliokuja kukaa katika nyumba ile ile. Aliifanya kazi hiyo miaka 26.

Shuleni niliitwa mtoto wa mkata majani. Aliyekata mkonge alihesabiwa mizigo, na watu walijua uzito wa kazi yake. Lakini mtu mzima anayekwenda na kurudi juani, peku, akisukuma kitu ili majani yalingane, na mwenye nyumba amekaa barazani anakunywa chai, huyo alikuwa kichekesho. Nami nilicheka pamoja na wenzangu. Nilipoingia sekondari nikapewa fomu yenye nafasi ya kazi ya mzazi, niliandika: fundi mitambo.

Kuna jambo moja lililonichukiza kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike ushuhuda huu. Baba aliruhusiwa kuja na mashine nyumbani kila Ijumaa ili ainoe kwa kazi ya Jumamosi. Jioni hiyo alikuwa akiniomba daftari langu lililokwisha. Asubuhi nilikuta nyuma ya jiko vipande vyembamba vya karatasi vimetapakaa, hesabu zangu na imla zangu zimekatwakatwa. Baba hakujua kusoma. Nikajiambia kwamba mtu huyu haijui thamani ya shule, anachezea jasho langu. Nilipofika darasa la sita nikaanza kuyaficha madaftari yangu darini. Alikuwa akiniuliza, "Huna karatasi, baba?" Namjibu sina. Anasema haya, anaondoka.

Nilifika Uingereza mwaka 1998. Ndugu aliyenipokea alikuwa akiishi Ipswich, mji wa mkoa wa Suffolk, mashariki mwa nchi ile, karibu na bandari ya Felixstowe. Jina la mji nililijua tangu utotoni na sikulisema kwa mtu. Kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ya usiku, kupakia na kupakua mizigo ghalani. Basi lilipita barabara iitwayo Ransomes Way. Nililiona jina lile kwenye kibao cha barabara alfajiri ya kwanza natoka kazini, nikageuza uso, kama mtu aliyekutana na anayemdai.

Niliishi hivyo miaka mingi. Mwaka 2004 nilisajili ndoa yangu mjini hapo, na karani akaniuliza kazi ya baba, maana cheti chao kina nafasi yake. Nikarudia yale yale: fundi mitambo. Mwaka 2006 baba akafariki. Nilifika Muheza siku ya tatu baada ya maziko, nikakaa wiki mbili, nikarudi. Mwanangu alipoanza kuuliza babu alikuwa nani, nilimwambia alifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Hapo hapo nikabadilisha mazungumzo.

Mwaka 2013, Jumapili moja ya masika yao, nilikwenda kwenye soko la uwanjani, lile ambalo watu hufungua buti za magari yao wakauza vitu vikuukuu. Nilikuwa natafuta baiskeli ya mtoto. Chini ya meza moja, katikati ya mabomba na ndoo, niliiona. Mashine ya kusukuma kwa mkono, upana inchi 12, aina ya Ajax. Kutu imeifunika yote, silinda haizunguki. Nilipiga magoti nikaweka kidole kwenye herufi. Kidole kilikwenda chenyewe. Muuzaji alitaka pauni 8, nikampa 10, nikasahau chenji na nikasahau baiskeli.

Sitadanganya kwamba nilijua ninachokifanya. Niliiweka kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba nikaishambulia kwa spana. Bolti ya kwanza niliyoikaza nguvu ilikatika. Ya pili pia. Nilikuwa natoka kazini alfajiri na hasira za usiku mzima, na hasira zile nilizipeleka kwenye chuma cha watu waliokwisha kufa. Jirani yangu, mzee wa Kiingereza niliyekuwa nikisalimiana naye juu ya ua tu, alisikia nyundo. Akaja akasimama mlangoni, akaitazama mashine, akasema, "Hiyo tuliisubu sisi." Alikuwa amefanya kazi Ransomes tangu ujana wake hadi kustaafu, kwenye kalibu za udongo na chuma cha moto.

Kwa mzee huyo nilipata habari za kiwanda, na nyingine nikazitafuta mwenyewe. Robert Ransome alihamia Ipswich kutoka Norwich mwaka 1789, akaanza kusubu majembe ya plau. Mwaka 1803 alipata hataza ya wembe wa plau uliopoozwa ghafla upande mmoja ukawa mgumu, upande wa pili laini, hata ukawa unajinoa wenyewe kadiri unavyolima. Mashine ya majani haikubuniwa naye. Aliibuni Edwin Beard Budding, fundi wa Stroud, magharibi mwa Uingereza, aliyekuwa akifanya kazi kwenye viwanda vya nguo za sufu. Huko kulikuwa na mashine yenye visu vilivyozungushwa kwenye silinda, vikipita juu ya kitambaa na kunyoa manyoya yaliyosimama. Budding akawaza: kama inanyoa sufu, itanyoa nyasi. Alipata hataza yake tarehe 31 Agosti 1830. Miaka miwili baadaye Ransomes wakapata ruhusa ya kuitengeneza, na mwaka 1902 wakawa wa kwanza kuuza mashine ya majani yenye injini ya petroli.

Kabla ya hapo uwanja wa tajiri ulikatwa kwa mundu mrefu, alfajiri umande haujakauka, na kundi la watu. Budding aliandika katika maombi yake kwamba waungwana wenye mashamba wangeweza kuisukuma wenyewe, wakapata mazoezi, burudani na afya. Nilisoma jambo hilo nikanyamaza kwa muda. Muungwana wa Muheza hakuisukuma hata siku moja.

Jirani aliniondolea pupa. Aliniagiza nitie mafuta ya kupenya kila kiungo, nifunge mlango, nisiiguse kwa siku tisa. Kisha moto wa gesi kidogo kwenye nati, iache ipoe, tia mafuta tena, jaribu kukaza kabla ya kulegeza. Nati ambayo ningeikata kwa nguvu ilifunguka kwa vidole.

Kutu ya vipande vidogo tuliitoa kwa magadi. Unajaza ndoo ya plastiki maji, unakoroga magadi ya kufulia, unaning'iniza kipande chako upande wa hasi wa chaja ya betri ya gari, na upande wa chanya unaweka kipande cha chuma kikuukuu usichokihitaji. Umeme unapita, vipovu vinapanda, na kesho yake kutu imekuwa tope jeusi linalofutika kwa brashi. Chuma cha upande wa chanya kisiwe kile kisichoshika kutu, kwa sababu maji yatajaa sumu. Na mlango uwe wazi, kwa sababu vipovu vile ni haidrojeni nayo hulipuka. Kadhalika rangi za zamani zina risasi: sugua kwa msasa wa maji, usisugue kavu ukavuta vumbi lake. Haya nayasema kwa sababu nimewaona watu wazima wakiyapuuza.

Chini ya uchafu ikatokea rangi ya kijani. Haikuwa imeenea kote. Ilibaki kwenye mabonde ya herufi na upande wa ndani wa fremu. Wapo wanaopaka upya mpaka mashine inang'aa kuliko siku ilipotoka kiwandani. Siwalaumu, ila sikubaliani nao. Rangi iliyobaki ni ya siku ile ile, imewekwa na mkono wa mtu, na hakuna duka linalouza nyingine kama hiyo. Niliisafisha, nikaipaka nta, nikaiacha. Mpini ndio hasa uliokuwa mgumu kwangu kuugusa. Mbao yake ilikuwa imelika mahali pawili, pa mkono wa kulia na pa kushoto, na wa kulia zaidi. Sijui waliousukuma ni kina nani. Hata hivyo sikuupiga msasa.

Ikaja siku ya kunoa. Mashine ya silinda haikati kama fyekeo. Fyekeo linapiga jani na kulichana, na ncha yake inageuka kahawia kesho yake. Silinda inakata kama mkasi: visu vyake vilivyopinda vinapita vikigusa kidogo kisu kimoja kilicholala chini, na jani linakatika katikati yao. Kwa hiyo vyote viwili lazima vikutane sawasawa kutoka ncha hadi ncha. Jirani alipaka visu ule ute mzito wenye chembe ngumu ambao mafundi magari huutumia kukalisha valvu, akafunga keekee kwenye ekseli, akazungusha silinda kinyumenyume. Ikalia kwa sauti ya mchanga. Akaosha, akakaza skrubu za pande mbili, robo ya mzunguko huku, robo kule. Halafu akachukua gazeti, akachana kipande chembamba, akakiingiza kati ya kisu na kisu, akazungusha taratibu kwa mkono.

Karatasi ikakatika. Akasogea inchi moja kulia, akaingiza tena. Ikakatika. Inchi nyingine. Hapo haikukatika, ilikunjika tu. Akakaza kidogo upande huo, akarudia. Vipande vikaanguka sakafuni kimoja kimoja, vyembamba, vyenye maandishi yaliyokatika katikati.

Nilikaa chini. Mzee alidhani nimeugua. Nilishindwa kumweleza wakati ule, na Kiingereza changu hakikuwa kimepungua.

Usiku ule sikwenda kazini. Nilisubiri kupambazuke Muheza nikampigia mama.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Mbona alfajiri, kwema?"

Nikamuuliza habari za madaftari. Alinyamaza kidogo.

"Kwani hukujua? Baba yako alikuwa akisema mashine isiyokata karatasi haikati ukoka, inaung'oa. Alimaliza daftari zima kwa usiku mmoja mpaka akaridhika."

"Nilidhani anayachezea, mama."

"Achezee madaftari yako? Alikuwa hajui kusoma, lakini alama ya pata aliijua. Kurasa zenye pata nyingi alizitoa kwanza akanipa niziweke. Alichana zile za makosa."

Nikamuuliza ziko wapi. Zililiwa na mchwa, akasema, mwaka ule mvua ilipobomoa ukuta wa nyuma.

Nimeishi na maneno hayo tangu siku hiyo. Baba alikuwa akipima umbali usioonekana kwa macho, kwa karatasi ya mtoto wake na kwa masikio, bila mtu aliyemfundisha na bila kitabu. Kazi ile jirani yangu alifundishwa na kulipwa kiwandani, akaitwa fundi, akapewa kiinua mgongo. Nami niliposema kwenye fomu kwamba baba ni fundi, nilisema uongo ambao ulikuwa kweli, na nilikuwa sijui.

Wiki hiyo hiyo nilimwita mwanangu kibandani, akiwa na miaka minane. Nikampa kipande cha gazeti, nikamwonyesha pa kuingiza. Nikamwambia: babu yako alikuwa mkata majani, na hivi ndivyo alivyofanya. Akauliza kama babu alikuwa hodari. Nikamjibu alikuwa hodari sana. Akauliza mbona sikuwahi kumwambia. Nilimwambia ukweli, kwamba niliona haya. Hakusema neno, akaendelea kukata karatasi.

Tangu hapo kibanda kimejaa. Jirani alinipa Suffolk Colt yake, mashine ndogo ya petroli iliyotengenezwa Stowmarket, mji ulio jirani na wetu. Nikanunua Atco, aina iliyoanza kuuzwa Birmingham mwaka 1921, yenye injini ya Villiers kutoka Wolverhampton. Hapo nikajifunza injini, na naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hakuna kitu kilichonituliza kama hicho. Injini ya zamani ya namna ile haina siri. Inataka vitu vitatu tu: mafuta, mgandamizo na cheche. Isipowaka, kimoja kati ya hivyo hakipo, nawe unatafuta kwa utaratibu. Toa plagi, ilaze juu ya silinda, vuta kamba, tazama kama kuna cheche. Kama hakuna, fungua gurudumu lenye sumaku. Ndani yake utakuta pointi zimeota ukungu mweupe kwa kukaa miaka 30 bila kazi. Zipitishe msasa laini mara mbili, zifute kwa karatasi safi, weka nafasi ya sehemu 15 kati ya elfu za inchi, yaani chini kidogo ya nusu milimita. Funga. Vuta tena.

Ile Villiers ilinichukua miezi minne. Kabureta ilikuwa imeziba kwa petroli iliyogeuka gundi, na ringi za pistoni zimeshikana na kaboni. Nilizilegeza kwa kuzilowesha, bila kuzivunja, mimi niliyekuwa nakata bolti. Nikachanganya petroli na oili, sehemu 16 kwa moja. Nikaepuka petroli yenye ethanoli, maana inakula mipira ya zamani na kuvuta maji ndani ya tangi. Jumamosi moja, saa nne asubuhi, nikavuta kamba mara ya tano, ikakohoa. Mara ya sita ikawaka. Moshi wa buluu ukajaa kibandani, na jirani yangu, ambaye wakati huo alikuwa akitembelea magongo mawili, alitoka hadi barazani kwake akasimama kusikiliza.

Watu wa ghalani waliona mabadiliko kabla yangu. Msimamizi aliniuliza kama nimepandishwa cheo mahali pengine. Nilikuwa mtu wa kugombana juu ya zamu, juu ya kikombe, juu ya mlango ulioachwa wazi. Mkewe mtu ndiye anayemjua zaidi, na mke wangu anasema umri wa ndoa yetu umepungua miaka tisa kuliko ule wa kwenye cheti. Amehesabu kuanzia siku nilipompigia mama.

Jirani alifariki mwaka 2019. Watoto wake waliniletea vifaa vyake vya kusubia na spana zake, kwa sababu alikuwa ameagiza hivyo.

Wakusanyaji wa mashine hizi ni wengi Uingereza kuliko mtu anavyodhani. Wana chama chao tangu mwaka 1990, na Southport kuna makumbusho mazima ya mashine za majani. Majira ya joto tunakutana viwanjani, kila mtu ameleta zake, na mbele ya kila mashine huwekwa kadi ndogo: mtengenezaji, aina, upana, wapi ilipatikana. Mara ya kwanza kupeleka Ajax yangu nilijaza kadi kama wengine. Mara ya pili niliandika kadi mpya, upande mmoja Kiingereza, upande mmoja Kiswahili. Imeandikwa: "Ransomes Ajax, inchi 12, Ipswich. Mashine kama hii ilisukumwa na baba yangu, mkata majani, shamba la mkonge, Muheza, Tanganyika na baadaye Tanzania, miaka 26. Iliponolewa naye ilikata karatasi."

Kadi hiyo ipo mpaka leo. Nimeifunga kwenye mpini kwa uzi wa mkonge.